Kilo Arobaini na Saba

Nesi aliniomba nimsaidie kumpandisha Baba kwenye mzani. Nikamshika kwapani, nikamwinua, wala sikutumia nguvu. Mzee aliyekuwa akibeba gia boksi begani peke yake, leo ananyanyuliwa na mwanamke mmoja aliyevaa kandambili. Nesi akainama, akasoma, akasema, "Arobaini na sita. Amepungua tena." Nikacheka. Tena nilicheka hasa, mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akageuka kunitazama. Nesi akanikunjia uso, na ilikuwa haki yake. Ningemweleza nini? Kwamba nilipokuwa darasa la nne nilimzidi mzee huyu wa leo kwa kilo moja, na kilo zenyewe alinipakia yeye kwa mikono yake?

Tulikuwa tunakaa Tarime mjini, Bomani, nyuma ya gereji yake. Gereji ni jina la heshima tu. Ulikuwa ua wa mabati wenye shimo la kukagulia magari na magogo matatu yaliyofungwa pamoja juu, ukaning'inizwa mnyororo wa kunyanyulia injini. Mchana kutwa alitengeneza magari ya watu, lakini moyo wake ulikuwa kwa gari moja, saluni nyeupe ya Kijapani aliyoiita Bibi Harusi. Mama yangu alikaa naye miaka yote ile bila kuitwa hata mpenzi, akaliosha gari linaloitwa Bibi Harusi kila Jumamosi kwa sabuni ya unga. Watoto tulikuwa wawili, mimi na dada yangu Robhi aliyenizidi miaka miwili, wote wa kike. Baba alituita "nyie". Nyie leteni maji, nyie tokeni hapo, nyie mnacheka nini. Ukisikia nilidhani jina langu analijua mwalimu tu, utanisamehe.

Wenzangu wa rika langu mliokulia kule mnakumbuka ile michezo ya Jumapili, baada ya ibada. Magari mawili yanapangwa sambamba kwenye barabara iliyonyooka, mtu anadondosha kitambaa, yanachomoka. Mita mia nne, basi. Anayefika kwanza ndiye mwanaume mpaka Jumapili nyingine. Yalikuwa magari ya kawaida ya barabarani, yale yale yanayokwenda sokoni siku za kazi, ila ndani yake mafundi walikuwa wamefunga tabo. Kwa wasiojua, tabo ni kifeni kinachozungushwa na moshi wa injini yenyewe, nacho kinaisukumia injini hewa kwa nguvu, inapiga kama imekunywa kitu. Mlio wake ni mluzi mwembamba unaopanda, unapanda, halafu mtu akiachia mafuta unasikia "pshaa!" Mluzi ule mpaka leo ukinipitia barabarani, mate yananijaa mdomoni. Si kwa hamu. Ni njaa, na nitawaambia ilitoka wapi.

Mwaka ule kulitokea ubaya. Dereva mmoja alimsukuma mwenzake kwa makusudi, gari likaingia mtaroni, mtu akakatwa mguu. Koo mbili zikaanza kutafutana na mapanga. Wakubwa wakaitisha ritongo, ule mkutano wetu Wakurya wa kusemezana mpaka jambo liishe. Likakaliwa palepale gerejini kwetu, wanaume wamekalia matairi. Mzee mmoja, ambaye maishani mwake hajawahi kuendesha hata baiskeli, akatoa hukumu. Akasema zamani watu wakitaka amani kila upande ulishika mtoto wa upande wa pili. Basi na hawa madereva wafanye hivyo. Kila mmoja abebe ndani ya gari lake mtoto wa mwenzake, mtoto wa shule ya msingi, tuone ni nani atakayegonga gari lenye damu yake mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Mimi na Robhi tulikuwa jikoni tukisikiliza kupitia tundu la bati. Sikuelewa vizuri. Nilichoshika ni kwamba sasa watoto watapanda yale magari, na roho yangu ikaruka kwa furaha.

Mtu ambaye Baba alitaka kumshinda aliitwa Shija. Alikuwa Msukuma, alikuja kuchimba dhahabu akapata bahati kidogo, akanunua gari jeusi ambalo lilikuwa halijashindwa na mtu. Alikuwa mtu wa maneno machache, anaongea polepole, na wanaume wa kwetu walimcheka kwa hilo mpaka anapowasha gari. Wakakubaliana na Baba: atakayeshindwa anafungua tabo yake palepale barabarani, anamkabidhi mwenzake mbele za watu. Kwa fundi, hiyo ni kama kuvuliwa suruali. Baba hakulala vizuri tangu siku ile, na ndipo akatuita mimi na dada yangu pale kwenye mnyororo wa injini.

Alimshika Robhi kwapani, akamnyanyua, akamweka chini. Akaninyanyua mimi. Akanishikilia juu kidogo, akanitikisa, macho yake yamefumba nusu. Akaniweka chini, akanishika shavu. Haki ya Mungu, alinishika shavu! "Huyu," akamwambia Mama. "Huyu ndiye. Kuanzia leo ale."

Basi nikala. Jamani, nilikula. Asubuhi uji wa ulezi wenye siagi, mchana ugali wa mtama na muhogo, maziwa mgando kwenye kibuyu changu mwenyewe, viazi, mayai mawili ya kukaanga. Akichinja mtu mtaani, Baba alileta nyama yenye mafuta na kuniwekea mimi, na kichuri, ule mchuzi mchungu wa utumbo, kikipikwa nilipewa bakuli langu. Kuna vipande vya nyama ambavyo kwetu hawapewi watoto, seuze mtoto wa kike, ni vya wazee. Nilivila. Nilikaa kwenye kigoda pembeni ya Baba, wazee wakaja wakaona, wakaguna, naye akasema, "Mwacheni ale huyu." Nilijiona nimekuwa mtu mkubwa katika nchi. Na aliponiona nimechoka kutafuna aliniita mama, vile wazazi wanavyowaita mabinti wanaowapenda. "Kula, mama. Kula." Nilikuwa sijawahi kuitwa hivyo na mwanaume yule. Ningekula hata mabati.

Alikuwa ameazima mzani wa kuning'iniza, ule wa wanunuzi wa mahindi, akautundika kwenye mnyororo wa injini. Bibi Harusi alikuwa anavuliwa. Kila kilichotoka kwenye gari kilipimwa kwanza kwenye mzani ule ndipo kitupwe stoo: viti vya nyuma, mazulia, tairi la akiba, redio, vioo vya milango ya nyuma, makava ya milango. Alikata bampa kwa msumeno. Alitoboa boneti matundu. "Kila kilo ni adui," alikuwa akisema, jasho linamtoka, anacheka peke yake. Halafu ikifika jioni ananiita mimi. Alikata gunia matundu mawili ya kupitishia miguu, kama ile suruali ya kliniki wanayotundikiwa watoto wachanga, ananitundika, anasoma. Nikiwa nimeongezeka anasema "Eheee!" na kunipiga mgongoni. Nilishawahi kwenda kliniki na shangazi na mtoto wake. Niliona pale kwamba mtoto akiongezeka uzito mama yake anasifiwa na manesi, anaonekana anampenda mwanawe, na asipoongezeka mama anasemwa mbele za watu. Kwa hiyo niliujua mzani kazi yake. Mzani ni wa kupima unavyopendwa. Nilianza na kilo thelathini na nane.

Nikisema miezi ile ilikuwa mitamu kuliko yote ya utoto wangu, mtaniona mjinga. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kibuyu mkononi, nikamtazama akifanya kazi, naye akaniambia majina ya vitu. Tabo yenyewe aliipata Sirari kwa fundi wa upande wa Kenya, ilitoka kwenye lori, kubwa mno kwa gari dogo. Alitengeneza gasketi ya shaba kwa mkono ili injini istahimili. Akafunga rejeta ndogo mbele ya kupooza hewa, akabadilisha plagi, akaweka pampu ya mafuta yenye nguvu, akagandisha geji ya presha kwa gundi pembeni ya kioo. Kuna kimlango kidogo kinachopunguza presha ikizidi. Alikaza fimbo yake nusu mzunguko wa nati kila siku, anawasha, anasikiliza, anazima. "Ukizidisha pistoni zinatoboka," akaniambia. "Ukipunguza, yule Msukuma anatucheka. Unasikia, mama?" Nilisikia. Nilijua kutofautisha mluzi wa nusu nati na mluzi wa nati nzima, na nilikuwa na miaka kumi. Harufu ya petroli, ya mpira wa moto na ya siagi ya uji wangu vilikaa pamoja puani, na sijaweza kuvitenganisha mpaka leo.

Niseme na ubaya wangu pia, maana nisijitakase. Robhi alikuwa anakula ugali na mlenda. Nyama iliyokuwa ikigawanywa kwa watu wanne ilikuwa inaingia kwangu. Dada yangu alikonda miezi ile, shingo ikawa ndefu, na alinioshea vyombo kwa sababu mimi nilikatazwa kazi nisije nikapungua. Siku moja akaniomba mfupa. Hakuomba nyama, aliomba mfupa niliokwisha kuutafuna, akautafute uloto. Nikamtazama machoni, nikaunyonya tena taratibu, nikamtupia mbwa. Akaniambia, "Unanenepeshwa wewe. Unajua ng'ombe ananenepeshwa ili iweje?" Nikamjibu, "Wivu tu. Kakonde huko." Shuleni waliniita Lori. Sikujali. Lori lina mwenyewe.

Mama alijaribu mara moja tu. Ilikuwa jioni, nimetapika uji, na Baba amesema nipewe mwingine. Mama akasimama kati yetu na sufuria mkononi. "Baba Robhi, huyu ni mtoto, si gunia." Baba akamwambia kwa sauti ya chini, "Wewe umenizalia nini cha kunifaa? Kimoja kimepata kazi, unakizuia." Mama akaweka sufuria chini. Alichofanya ni kufumua gauni langu la kanisani ubavuni na kulipanua, mara ya pili ile, akishona huku machozi yanadondokea kitambaa. Nikajua na yeye ana wivu.

Siku ya kupambana ilikuwa Jumapili, upande wa Serengeti, kuna kipande cha lami mpya karibu na Mugumu kilikuwa hakijafunguliwa kwa magari. Watu walikuwa wametoka Morotonga, wametoka Gorong'a, vijana wamepanda juu ya kingo na mawe. Tulifika na lori, Bibi Harusi amefungwa kamba nyuma, nami mbele kwa dereva kwa sababu kiti cha pili cha Bibi Harusi Baba alikuwa amekifungua asubuhi ile ile. Nilipomwona anakifungua nilimuuliza, "Sasa nitakaa wapi, Baba?" Akasema, "Utakaa." Tuliposhuka akanipa chupa mbili kubwa za maji, akasimama mbele yangu mpaka nikazimaliza. Nilipobanwa nikamwambia nataka kwenda vichakani. "Hapana. Utakojoa tukimaliza."

Akanishika mkono. Nilikuwa na gauni langu jeupe lililopanuliwa, na nilitembea katikati ya watu wale nikiwa nimeinua kidevu, maana nilikuwa naenda kupanda gari la Baba yangu. Tukampita Bibi Harusi. Tukafika kwenye gari jeusi. Baba akafungua mlango, akasema, "Ingia."

Shija alikuwa anafunga mkanda wake. Akaniangalia, akamwangalia Baba. "Sasa Marwa," akasema polepole, "umeleta mtoto au umeleta gunia la mahindi?"

Watu wakaangua kicheko. Na Baba, badala ya kukasirika, akacheka kuliko wote. Akanipiga makalio mbele ya kadamnasi ile, jinsi wanavyopigwa ng'ombe mnadani. "Mtoto wa shule ya msingi, mura! Darasa la nne! Kilo arobaini na saba, nimempima jana. Ritongo lilisema mtoto, halikutaja kilo. Mbebe!" Wanaume wakashikana mikono, wakapigana mabega. "Huyu Marwa ana akili!" Mmoja wao, sijui nani, alikuja kunishika mkono wa juu, akaubinya, akaguna kwa kuridhika.

Nilielewa. Mtoto akielewa jambo la namna ile haelewi kidogo kidogo, anaelewa lote. Nikaona uji, nikaona mafuta, kibuyu, zile nyama za wazee. Nikasikia kila "Kula, mama" aliyoisema. Nilikuwa mzigo wa kumchelewesha adui. Kilo alizozitoa kwa Bibi Harusi alizitafutia pa kuweka, akaziweka kwangu.

Mtoto wa Shija alikuwa msichana mmoja tu aliyekuwa naye, Kabula, mdogo, mwembamba, amesukwa vizuri. Inaonekana baba yake hakuwaza mambo ya kilo, alileta mtoto aliyenaye. Shija alipomfikisha kwenye Bibi Harusi akakuta hakuna kiti. Kulikuwa na bati tupu na gunia lililokunjwa. "Marwa, mtoto anakaa wapi?" Baba akasema, "Hapo." Shija akasema hakuna mkanda. Baba akasema, "Ritongo halikutaja mkanda. Au unaogopa? Kama unaogopa fungua tabo sasa hivi twende nyumbani." Watu wakazomea. Shija akamtazama mwanawe. Halafu akavua mkanda wa suruali yake, akamfunga mwanawe kiunoni kwenye chuma cha mlango, akamwambia kitu kwa Kisukuma. Akarudi kwenye gari ameshikilia suruali yake kwa mkono mmoja, watu wanacheka.

Aliingia akanifunga mkanda mimi, akauvuta kuhakikisha. "Unaitwa nani?"

"Nyangi."

"Nyangi, shika hapa. Usiachie."

Kitambaa kikadondoka. Siwezi kuwasimulia vile nguvu ile inavyokusukuma, kichwa kiligonga kiti na maji yote niliyokunywa yakataka kutoka. Shija alichomoka vizuri. Tabo ya Baba ilikuwa kubwa, ilichelewa kuamka, kwa hiyo mwanzoni nilimwona akibaki nyuma, nikaona taa za Bibi Harusi zikipotea begani kwangu. Halafu nikasikia ule mluzi. Nati nzima na zaidi. Alikuwa ameikaza asubuhi ile bila kuniambia. Bibi Harusi akaja kwa fujo, lakini nyuma alikuwa amevuliwa kila kitu, hana uzito wa kumkalisha chini, akaanza kuyumba, mkia huku, mkia kule. Gari lilikuwa tupu kupita kiasi. Mlangoni nikamwona Kabula akirushwa, kichwa chake kinapiga kioo, kinaondoka, kinapiga tena.

Tulikuwa mbele. Hili nataka mlisikie vizuri, pamoja na kilo zangu zote tulikuwa mbele, na mwisho ulikuwa unaonekana. Shija akageuza uso, akaona kile kichwa. "Yesu," akasema. Nikautazama mguu wake. Aliunyanyua. Hakuupunguza, aliunyanyua wote kutoka kwenye mafuta, tabo yetu ikapiga "pshaa", na Bibi Harusi akatupita akiyumba mpaka mwisho.

Nilikojoa palepale kwenye kiti chake. Akaona. Akanipa koti lake nijifunge kiunoni. "Pole, mwanangu," akasema, halafu akaruka nje akakimbilia gari jeupe huku suruali inamteremka. Kabula alikuwa anatokwa damu puani. Baba yangu alikuwa juu ya boneti anacheza. Waliokuwa nyuma hawakuweza kuona mguu wa mtu. Waliona gari jeupe limetangulia, basi, wakaja mbio wakipiga mayowe. "Kilo!" Baba alikuwa anawapigia kelele. "Kilo ndizo zimemuua! Nimemlisha miezi mitatu, mura, miezi mitatu!" Shija aliinama akafungua tabo yake ingali ya moto, ameishika kwa gunia lililolowa, mtoto wake amekaa miguuni pake amebana pua. Akaikabidhi. Hakujitetea kwa neno hata moja. Alinitazama mara moja tu, nami nikaangalia chini.

Nikasubiri Baba aje anichukue. Hakuja. Walipakia gari, wakapakia na ile tabo, na dereva wa lori ndiye aliyeniita.

Jioni ile tulikaa kula. Mama akaleta ugali na mlenda, sahani mbili, yangu na ya Robhi, sawasawa. Nikasubiri. Nikaangalia mlangoni. Baba alikuwa nje na wenzake wanakula nyama, nikaenda nikasimama karibu na kigoda changu. Akaniona. "Nyie mnataka nini?" akasema. "Nenda ndani. Kazi imekwisha." Robhi alicheka mpaka akapaliwa, na sikumlaumu. Lakini tumbo langu halikuambiwa kwamba kazi imekwisha. Lilikuwa limeshatanuka. Miezi na miezi nililala nikisikia njaa inanikata, nikiiba makoko ya sufuria, nikilamba siagi iliyokauka kwenye kibuyu. Nilipungua mwishowe. Hakuna aliyenipima.

Ushindi ule Baba aliuishi. Magari yakaisha, Bibi Harusi aliuzwa vipande vipande, gereji ikafa, Mama naye akafa, lakini hadithi ile haikufa. Aliisimulia vilabuni, akaisimulia misibani. Siku ya harusi yangu alisimama kutoa nasaha, akaisimulia mbele ya wakwe zangu, akanyoosha kidole kwangu, "Kilo arobaini na saba!" Ukumbi mzima ukacheka, na mimi nimevaa shela. Nilicheka nao. Sikuwahi kumwambia mtu nilichokiona kwa macho yangu.

Juzi nimekwenda hospitali na uji, nikakuta anamsimulia mgonjwa wa kitanda cha jirani. Sauti imekwisha lakini hadithi iko palepale. "Huyu hapa," akasema aliponiona, macho yamewaka. "Ndiye alikuwa ndani ya gari ya yule Msukuma. Muulize." Yule mgonjwa, mzee mpole, akaniuliza, "Ni kweli, mama? Ni uzito wako ulioshinda?"

Nikaweka bakuli juu ya kabati. "Shikamoo, mzee. Si kweli," nikasema. "Shija alikuwa anashinda. Aliunyanyua mguu kwa sababu mtoto wake alikuwa anagonga kichwa kwenye gari la huyu. Niliuona mguu."

Baba akanitazama. "Mwongo," akasema.

"Tulikuwa mbele, Baba. Nyuma ulimvua mno Bibi Harusi, akawa anayumba. Ungeshindwa. Yule aliogopa mtoto wake afe, akakuachia. Kilo zangu hazikushinda chochote."

Nilimwona akiirudia barabara ile kichwani, mita kwa mita, vidole vyake vinacheza juu ya shuka kama vinakaza nati. Fundi ni fundi. Alifika mahali gari lilipoanza kuyumba, na nikajua amefika, kwa sababu taya lilimlegea. "Miaka yote hii umekaa nayo," akasema.

"Nilikuwa nasubiri uniulize. Siku moja tu, uniulize nilijisikiaje mle ndani. Hukuuliza."

Akafumba macho. Nilidhani analia, nikainama nimsikie, maana nilikuwa tayari kumsamehe, Mungu ni shahidi, neno moja tu lingetosha.

"Arobaini na saba," akasema. "Ningekufikisha hamsini."

Akageukia ukutani. Nilichota uji kwa kijiko, nikamgusa bega, hakugeuka. Nikamwambia, "Kula, Baba," mara moja, sikurudia. Uji ulikuwa wa ulezi, nilikuwa nimeutia siagi. Nikavuta kiti, nikakaa pale mgongoni kwake, nikaula wote mimi, nikakomba na bakuli.